Siku moja na plagi nne za Subaru

Saa 1:30 asubuhi. Arusha ya mwezi wa saba ina baridi kali, na Impreza ya turbo inaingia gereji ikisukumwa na vijana wawili. "Shikamoo fundi. Wiki iliyopita injini ilikuwa inagonga nikikanyaga mafuta, nikaambiwa nifunge plagi baridi zaidi, namba 8. Leo imegoma kuwaka." Kugoma kuwaka hakunitishi. Kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda, ndiko kunakoua pistoni, basi naanzia huko.

Saa 2:00. Injini hii, EJ20, imelala ubavu, silinda mbili kila upande, na plagi zinatazama bodi. Kushoto natoa betri na chupa ya maji ya kioo, kulia boksi la hewa. Kabla ya kulegeza plagi napuliza vumbi kwa kompresa, maana mchanga ukidondoka ndani unakwangua silinda. Kijana wangu ametoboa matundu manne kwenye kipande cha katoni na kuyaandika 1 hadi 4. Plagi isiyojulikana imetoka silinda ipi hainisaidii kitu.

Saa 2:45. Plagi ya 1, 2 na 3 zina masizi makavu, meusi, yanayofutika kwa kidole. Ingekuwa oili inapita kwenye ringi zingelowa na kung'aa. Ya 4 ni nyeupe kabisa, na kwa lenzi naona punje ndogo za kijivu zinazometa juu ya kauri, ile sehemu nyeupe ya ncha ya plagi. Hizo ni aluminiamu ya pistoni.

Mwenye gari anauliza kama afunge namba 9.

Namweleza taratibu, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi zilizoongezewa nguvu zinapofia. Namba ya joto haihusu ukali wa cheche. Inaonyesha plagi inavyopeleka joto kutoka ncha ya kauri kwenda kwenye silinda hedi. Ncha ikikaa chini ya nyuzi joto 450 hivi haiunguzi masizi yake. Ikipita 800 na zaidi inaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Kwa plagi za kampuni za NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, na watu wamenunua vibaya kwa sababu hiyo. Injini yake ilitoka kiwandani na NGK 6. Kwa mizunguko ya mjini, Kaloleni na Sanawari, namba 8 haifiki kwenye joto la kujisafisha, ndiyo maana imejaa masizi na gari limegoma kuwaka. Ila hata 9 haiwezi kuongeza petroli kwenye silinda ya 4, na weupe wa plagi yake unasema silinda hiyo ina njaa ya petroli.

Saa 4:00. Napima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda zote nne hazipishani sana, pistoni imepona. Tunatoa nozeli, zinazopulizia petroli.

Saa 7:00. Nozeli zimerudi kutoka kwa mtu mwenye mashine ya kupimia. Ya 4 ilikuwa inatoa pungufu; imesafishwa, sasa inalingana na wenzake.

Saa 9:00. Nachagua namba 7. Kanuni ya mafundi ni hatua moja ya ubaridi kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa, na hapa zimeongezwa kama 80. Mwanya wa cheche naweka milimita 0.7, kwa sababu presha ya turbo huifanya cheche ishindwe kuruka mwanya mpana. Naingiza kwa mkono mpaka plagi ikae, kisha nusu mzunguko na kidogo. Sipaki grisi kwenye nyuzi zake za kufungia. Inakufanya ukaze kupita kiasi.

Saa 10:15. Njia iliyonyooka ya shambani, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Gia ya tatu, mafuta yote, kisha klachi na kuzima injini kwa pamoja, ufunguo ukibaki mahali pake ili usukani usijifunge. Haigongi. Ukirudi gereji ukiunguruma polepole, masizi ya njiani yanafuta ushahidi, kwa hiyo tunasubiri ipoe hapo hapo. Ukifungua plagi hedi ya aluminiamu ikiwa ya moto, nyuzi zinachunika.

Saa 11:40. Wazee waliotufundisha walitafuta rangi ya kahawia, lakini hiyo ni ya petroli yenye risasi, iliyoondolewa kusini mwa Sahara kufikia 2006. Mimi natazama pete nyembamba ya masizi chini kabisa ya kauri, na alama ya joto kwenye mkono wa chuma uliojikunja mbele ya ncha. Alama ikiwa karibu na ncha, plagi ni baridi mno. Ikishuka kwenye nyuzi, ni ya moto mno. Alama za zote nne ziko kwenye kona ya mkono, katikati, panapotakiwa. Punje hakuna.

Jumamosi anashuka Tanga. Kutoka mita 1,400 hivi hadi usawa wa bahari hewa inakuwa nzito na injini inabeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo nimemwambia asiguse boost, yaani presha ya turbo, na akirudi alete plagi hizi hizi nizisome tena.