Kabla ya Kuitupa Kompyuta ya Zamani, Ipime

Kompyuta haichakai yote kwa mpigo. Prosesa, ubongo wa mashine, inaweza kufanya kazi zaidi ya miaka kumi bila kupoteza kasi yake, ilhali diski ya sahani zinazozunguka huchoka mapema, betri ya laptopu huisha nguvu ndani ya miaka michache, na feni hujaa vumbi taratibu bila mtu kugundua. Ndiyo maana umri wa mashine peke yake haukuambii kama uitengeneze, uiongezee uwezo au ununue nyingine. La kujua ni kifaa gani kinachoivuta nyuma, na kama kifaa hicho kinabadilishika. Wengi hununua kompyuta mpya kumbe iliyokufa ni diski tu.

Kupima ni kazi ya robo saa. Washa mashine, iache dakika 5 hadi 10 itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda sehemu ya Performance, halafu fungua programu zako za kila siku zote kwa wakati mmoja, pamoja na kurasa za kivinjari ulizozoea kuziacha wazi.

Tazama RAM (kumbukumbu ya muda, inayoshika programu zilizo wazi) kwanza, diski baadaye, na mpangilio huo una sababu. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data diskini, na diski itasoma 100% ingawa haina kosa. RAM ikiwa zaidi ya 85% na diski inahangaika, upungufu uko kwenye RAM. RAM ikiwa na nafasi, prosesa iko 10% au 20%, na diski imeganda kwenye 100%, basi hapo umeshampata mkosaji. Prosesa ikiwa 100% kwa kazi nyepesi, angalia ni programu gani inayoila kabla ya kulaumu chuma. Angalia pia kasi ya prosesa kwa GHz. Ikishuka hadi 0.8 wakati kazi ni nzito, ama kuna joto kali, ama laptopu haiitambui chaja yake na imejipunguzia nguvu makusudi. Chaja isiyo sahihi huifanya mashine nzima ionekane imezeeka.

Tuseme ni diski. Diski ya laptopu ya mizunguko 5400 kwa dakika husoma faili kubwa kwa takriban MB 100 kwa sekunde, kasi ambayo si mbaya. Shida iko kwenye faili ndogo: kichwa cha kusomea lazima kisogee na kusubiri sahani izunguke kila mara, hivyo diski hiyo humudu kama maombi 100 tu ya kusoma kwa sekunde. Kuwasha Windows ni maelfu ya maombi ya namna hiyo. SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachosogea, na hata ile ya kawaida ya SATA (kiunganishi cha diski kilichozoeleka) humudu makumi ya maelfu. Kwa sababu hiyo, mabadiliko kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ndiyo yanayolipa kuliko mengine yote, hata kwenye mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ya zamani yenye SATA ya Gb 3 kwa sekunde. Usizuiwe na takwimu ya kwenye kasha inayosema MB 550 kwa sekunde. Hata ukipata nusu yake, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kabla ya kugusa chochote, soma afya ya diski ya zamani kwa programu ya CrystalDiskInfo, au smartctl kama unatumia Linux. Namba za kuzingatia ni 05, sekta (vijisehemu vya diski) zilizohamishwa. C5, sekta zinazosubiri uamuzi. Na C6, sekta zilizoshindikana kabisa kusomeka. C5 ikiwa juu ya sifuri na inaendelea kupanda, nakili faili zako kwanza, zile muhimu kuliko zote zikitangulia. Usiendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski nzima) wala kupanga upya faili kwenye diski inayokufa, maana utaikamua pumzi zilizobaki kabla hujaokoa kitu. Iko pia C7, ambayo huwapotosha wengi: ikipanda peke yake, mara nyingi tatizo ni kebo ya SATA, na diski ni nzima.

Kwenye ununuzi, jua nafasi iliyomo ndani. SSD ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7 huingia karibu kila laptopu iliyokuwa na diski ya kuzunguka. M.2, SSD nyembamba ya umbo la kadi, inataka uangalifu zaidi. Namba 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na sloti nyingine hukubali SATA tu, nyingine NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi) tu, nyingine zote mbili. Umbo hilo moja halihakikishi kwamba itasomeka, kwa hiyo tafuta mwongozo wa modeli yako kamili kabla ya kulipa.

Kuhamisha mfumo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima: SSD inaunganishwa kwa adapta ya USB, unatumia programu kama Clonezilla, unazima, unabadilisha, unawasha. Kumbuka kwamba Clonezilla kwa kawaida hutaka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Uwashapo mara ya kwanza, diski ya zamani iwe nje. Zikiwa zote mbili zina utambulisho mmoja, Windows huizima mojawapo. Mashine ikikataa kuwaka, angalia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows: diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR haitawaka ikiwa BIOS imewekwa kwenye mtindo mpya wa UEFI peke yake. Njia ya pili ni kusakinisha upya, na mimi naipendelea hii kwa mfumo uliotumika miaka mingi au diski iliyokuwa na sekta mbovu, kwani kunakili mfumo ulioharibika ni kuhamisha matatizo. Leseni ya kidijitali ya Windows 10 na 11 hufungamana na mazabodi, hivyo kubadilisha diski hakuipotezi. Kama BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, imewashwa, hifadhi ufunguo wa urejeshaji mahali pengine kabla ya kugusa BIOS au diski.

RAM ni rahisi zaidi. GB 4 hazitoshi tena kwa kivinjari cha sasa, GB 8 zinaendesha kazi za ofisi, GB 16 zinatosha watu wengi mno. Vizazi vya RAM, yaani DDR3, DDR4 na DDR5, haviingiliani. Pengo la kwenye kadi liko mahali tofauti, kwa hiyo ikigoma kuingia usiilazimishe. Mtego uko kwenye DDR3 na DDR3L: zinafanana kwa umbo, lakini ya kwanza hutumia volti 1.5 na ya pili 1.35, na laptopu nyingi za kuanzia mwaka 2013 hazitawaka na ile ya volti 1.5. Zima, chomoa chaja, chomoa plagi ya betri kwenye mazabodi, ingiza kadi kwa mshazari wa kama nyuzi 30 hadi rangi ya dhahabu ikaribie kutoweka, kisha ishushe mpaka vibanio vya pembeni vilie. Skrini ikibaki nyeusi, itoe na uirudishe, jaribu kadi moja moja, halafu endesha MemTest86, programu ya kupima RAM. Kosa hata moja linatosha kuirudisha dukani. Na kama RAM imechomelewa kwenye mazabodi bila sloti, hapo hakuna kuongeza.

Joto huwa linasahauliwa. Prosesa ikifika karibu nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Fungua, shika mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza, na utoe blanketi la vumbi lililojibana kati ya feni na mapezi ya kipoza joto, ambalo ukipuliza kwa nje halitoki. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, ikiwa imekauka, ifute kwa alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, na kaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake. Vile vipande laini vilivyo juu ya chipu nyingine usivibadilishe kwa pesti. Vinaziba pengo la nusu milimita au zaidi ambalo pesti haiwezi kuliziba.

Kwa betri, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri na linganisha uwezo wa awali na uwezo wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, badilisha. Ikiwa imevimba, dalili zake ni padi ya kugusa kuinuka au kifuniko kutofunga vizuri: acha kuitumia na kuichaji leo, usiitoboe, usiibonyeze. Saa inayorudi nyuma kila ukizima ni kibetri cha CR2032 tu.

Mazabodi ndiyo inayofunga mjadala. Fundi mwenye kipima umeme anaweza kupata kapasita moja iliyoshoti na kuibadilisha, na kazi hiyo inafaa kulipiwa. Mashine iliyomwagikiwa kinywaji na kukaa wiki kadhaa bila kufunguliwa ni habari nyingine, kwani kutu huendelea kula njia za umeme hata baada ya kuwaka tena. Kuchoma upya chipu ya grafiki kwa joto nakushauri ukatae bila dhamana ya maandishi. Mara nyingi tatizo hurudi baada ya muda mfupi.

Kisha kuna programu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za usalama), Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa kawaida prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen ya 2000 kwenda mbele. Ukiambiwa huna TPM, ingia BIOS kwanza: mara nyingi ipo lakini imezimwa, kwa jina la PTT kwenye Intel na fTPM kwenye AMD. Kama prosesa ndiyo inayokataliwa, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, huipa mashine hiyo masasisho ya usalama kwa miaka mingine. Iendeshe kwanza kutoka flashi bila kusakinisha, na ujaribu Wi-Fi, printa, sauti na kazi yako halisi. Ukitegemea programu ya Windows isiyo na mbadala, hiyo ni sababu halali kabisa ya kununua mashine nyingine.

Kwenye gharama nina mpaka mmoja. Jumlisha vifaa vyote na malipo ya fundi. Ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine yenye uwezo sawa, acha. Linganisha na iliyotumika yenye hali nzuri, kwa sababu ukilinganisha na mpya kabisa kila matengenezo yataonekana nafuu. SSD na RAM zihesabu kwa namna tofauti, maana nyingi zinaweza kuhamia mashine ijayo. Skrini, bawaba na kibodi za modeli hiyo hazihamii popote.

Ukiamua kubadilisha, usiifute diski ya zamani siku hiyohiyo. Iweke mwezi mmoja au miwili hadi uhakikishe hakuna folda uliyoisahau. Baada ya hapo, diski ya kuzunguka ifute kwa diskpart na amri ya clean all, ukiwa umehakiki namba ya diski mara mbili kwa sababu amri hiyo haiulizi tena. SSD ifute kwa chombo cha mtengenezaji wake au kwa amri iliyo ndani ya BIOS. Fomati ya haraka haitoshi: kwenye diski ya kuzunguka hufuta orodha ya faili na kuziacha faili zenyewe palepale, na yeyote mwenye programu ya kurejesha data atazisoma.