Mama na Baba Wamekuwa Mmoja

Leo alasiri bi mdogo wetu, mtoto wa kaka yangu, aliokota kipande cha chaki akaandika kwenye sakafu ya baraza: AA. "Shangazi, soma." Nikamwuliza kaandika nini. "Mama." Haya, na baba je? Akaandika AA. Akatazama, akatazama tena, kisha akanung'unika: "Wamekuwa mmoja!"

Yuko darasa la awali. Mama yake alitoka jikoni, akaona, akasema mtoto huyu hajui kitu, akataka kumshika mkono amwandikishe. Nikamwambia, wifi, mwache kwanza. Herufi zile mbili zina akili ndani yake. Mama hutamkwa kwa mapigo mawili, ma na ma, na kila pigo amelipa herufi moja, tena ameteua irabu, ambayo ndiyo inayosikika zaidi. Watafiti Emilia Ferreiro na Ana Teberosky waliwakuta watoto wa Buenos Aires wakifanya hivyohivyo kwa Kihispania, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1979: kuna kipindi mtoto huamini kwamba herufi moja inatosha kubeba silabi nzima.

Nadhani Kiswahili hakimwachi mtoto akae sana hapo. Mama, baba, kaka, dada: wote AA! Kwa hesabu yake nyumba nzima ina jina moja. Hakuna aliyemsahihisha, maandishi yake mwenyewe yalimgomea.

Kilichonivutia zaidi ni alichofanya baadaye. Alifumba midomo akasema "mmmama", akaguna hivyo mpaka kaka yake akamcheka. Kisha akajaribu "baba" vilevile, ikakataa. M hupita puani, unaweza kuivuta mpaka pumzi iishe. B haivutiki, ukifungua midomo tu imekwisha. Basi M akainasa. Mama akawa MAA, baba akabaki AA, na mwandishi akaridhika, akaenda kucheza.

Darasani kwao wanaimba ba be bi bo bu, mwalimu akifuatisha kwa fimbo ubaoni. Mimi siudharau wimbo huo kama wanavyoudharau baadhi ya wasomi wetu. Irabu zetu ni tano tu, na a ni a popote utakapoikuta, kwa hiyo mwenye kuzishika silabi ameshika sehemu kubwa ya kazi. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Taabu ni kwamba wimbo unaimbika hata macho yakiwa dirishani. Fimbo iruke moja kwa moja kwenye bi, bila kupitia ba wala be, ndipo utajua nani anasoma na nani anaimba. Darasa likijaa, sauti za wachache huwafunika wengi. Mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili uligeuzwa mwaka 2015 ukawekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwelekeo huo naukubali. Lakini bado panahitajika mtu wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja.

Jioni anakwenda chuoni, yaani madrasa, na huko pia ni silabi: herufi be kwa alama ya fataha ni ba, kwa ya kisra ni bi. Jirani ananiambia ndiyo sababu ya kuandika S na N zikitazama kinyume, kwamba Kiarabu huanzia kulia, naye anachanganya kulia na kushoto. Sikubaliani naye. Watoto wasiowahi kuona herufi ya Kiarabu nao hugeuza. Kikombe kikitazama kulia au kushoto ni kikombe kilekile, na macho ya mtoto yamezoea hivyo tangu kuzaliwa. Kwenye herufi ndipo anapoambiwa ghafla kwamba b na d ni vitu viwili. Huchukua muda, huisha.

Mama yangu, yeye huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mpaka leo. Daftari la mchezo wa kuchangiana pesa wa akina mama wa mtaa liko kwake, na bi mdogo hukaa pembeni akimwona akiandika nani katoa na nani bado. Mwenye deni akibisha, daftari hufunguliwa, mabishano yakaisha. Hapo mtoto amejua maandishi yana kazi gani kabla hajayajua yenyewe. Sijaona kitabu cha awali kinachofundisha jambo hilo vizuri kuliko bibi.

Magharibi tulipita Ngamiani, hapa Tanga, mimi na hao wawili. Kaka mtu, wa darasa la pili, siku hizi anasoma kila ukuta. Akakuta yale maandishi ya rangi nyekundu, akayavamia: "Nyu-mba hi-i ha-i-u..." Zwi ikamkwama kidogo, kisha akaitoa, akanitazama apate sifa zake. Nikampa.

Bi mdogo, ambaye hata herufi moja ya pale hakuitambua, akauliza, "Kwani nani alitaka kuinunua?"

Kaka yake hakumjibu. Alikwisha kuanza ukuta wa pili.