Kadeti mwenye pumzi anafaulu kweli darasani? Nendeni mkamuulize usingizi wake

Kuna ubishi haujawahi kuisha kwenye mahanga, yani mabweni, ya makadeti na kila kozi inayoingia inaurithi kutoka kwa waliotangulia: wale jamaa wa mbio, wanaomaliza na pumzi zao wakati wengine bado wako njiani wanatema mate, ndo haohao wanaoongoza darasani au ni mapafu tu na kichwani hamna kitu? Kambi ya kwanza inasema mwili imara ndo akili imara, ukikimbia unafaulu. Kambi ya pili, hii ni ya wapiga msuli wa usiku, yani wanaokesha na madaftari, inasema PT, yale mazoezi ya mwili, inakula muda wa kusoma na ndo inayowaletea watu sapu, mitihani ya kurudia. Mi nimekaa upande wa kwanza miaka mingi na bado niko huko, ila kwa sababu tofauti na zinazotajwa kwenye mahanga, na kuna sehemu nawapa wapiga msuli haki yao.

Tuanze na ushahidi mzito kuliko wote kwenye hii mada, unatoka Sweden. Zamani kule karibu kila kijana wa kiume akifika miaka 18 aliitwa kwenda kupimwa kwa ajili ya jeshi, anapimwa pumzi kwenye baiskeli ya kupimia, anapimwa nguvu za misuli, halafu anapewa na mtihani wa akili, yani vyote vitatu mtu mmoja. Mwaka 2009 watafiti wakatoa matokeo ya vijana zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1950 na 1976. Wenye pumzi nzuri walikuwa na alama za juu kwenye mtihani wa akili. Misuli je? Misuli haikuonyesha uhusiano wa maana, so nyie wa kunyanyua vyuma kutwa nzima mnisamehe, hapa mnachopata ni mikono. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba waliangalia mpaka mapacha, wakaona uhusiano huo unaelezwa na mazingira na maisha ya mtu kuliko damu ya ukoo, afu wale ambao pumzi yao ilipanda kati ya miaka 15 na 18 walifanya vizuri kuliko wale ambao pumzi yao ilishuka. Yani sio kwamba umezaliwa hivo basi.

Sasa mtu wa kambi ya kwanza akisoma hapo anarukaruka, anasema si niliwaambia. Subiri kwanza.

Ukichukua hiyo hesabu ukaipeleka ndani ya chuo cha kijeshi, uhusiano unapungua sana, na wengi wanadhani maana yake haupo. Sababu ni mchujo. Sweden walipimwa karibu vijana wote, kuanzia anayehema akipanda ngazi mpaka bingwa wa wilaya. Chuoni asiyeweza kukimbia hakuingia, na aliyefeli mtihani wa kuingilia naye hakuingia, kwa hiyo unabaki kulinganisha watu waliofanana tayari, mwenye mbio nzuri na mwenye mbio nzuri zaidi, na hapo hata kama pumzi inasaidia kichwa huwezi kuona tofauti kubwa. Ni kama kutafuta kama urefu unasaidia kwenye basketi kwa kuangalia timu ambayo wachezaji wote wana futi sita na nusu. Watu wanaosema "mbona kwetu wa kwanza darasani alikuwa wa mwisho kwenye mbio" wanasahau kwamba huyo wa mwisho kwenye mbio angewaacha watu wa kawaida mtaani mbali sana.

West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, waliangalia hili kwa makadeti zaidi ya 11,000, intake za miaka kumi, kazi ya mwanasaikolojia Angela Duckworth na wenzake, matokeo yakatoka 2019. Alama za darasani zilitabiriwa vizuri zaidi na uwezo wa akili aliokuja nao mtu. Kumaliza yale mafunzo ya mwanzo ya kiangazi, wanayaita Beast Barracks, kulitabiriwa zaidi na ung'ang'anizi. Na kumaliza chuo chenyewe, ile miaka minne yote, ung'ang'anizi na uwezo wa mwili vilitabiri vizuri kuliko akili. Umeona hiyo? Mwili haukupi A ya hesabu, mwili unakuweka chuoni mpaka siku ya gwaride la kuhitimu, na ukishakula disko, yani ukishafukuzwa chuo, hizo A zako unazipeleka wapi.

Kwa hiyo pumzi inafika vipi darasani? Kwa maoni yangu inapitia kwenye umakini, na umakini ndo mtu asiyesemwa kwenye ubishi wote huu. Kuna jaribio la zamani linaitwa d2, limekuwepo tangu 1962, unapewa karatasi imejaa herufi d na p, kila moja ina vijistari juu au chini, unatakiwa ukate d zenye vijistari viwili tu na uziache nyingine zote, mistari 14, sekunde 20 kila mstari ukiambiwa ruka unaruka. Ukilitazama unasema hili la chekechea. Ukilifanya mpaka mstari wa tisa unaanza kukata p. Linapima kitu kilekile unachohitaji unapomsikiliza mkufunzi anayesoma slaidi kwa sauti moja dakika 50, kushika kilichotakiwa na kuacha kisichotakiwa bila kuchoka.

Na watu wenye pumzi nzuri kwa wastani wanafanya vizuri kwenye majaribio ya aina hii, hasa imeonekana kwa watoto na vijana. Ukiwavalisha vile vinasa umeme vya kichwani unakuta kitu walichokuwa wanakisubiri kikitokea tu, ubongo wao unarusha wimbi kubwa zaidi, linatokea kama milisekunde 300 baada ya kukiona. Moyo unapiga vizuri, damu inafika, na mazoezi ya pumzi yanauchochea mwili kutoa protini zinazolisha seli za ubongo na maunganisho yake. Kuna na faida ya papo hapo, dakika 20 hivi za mwendo wa kati, ule ambao bado unaweza kuongea, zinanoa umakini kwa muda kidogo baada ya kumaliza. Nasema mwendo wa kati. Ukikimbizwa mpaka unaona nyota hiyo faida inayeyuka, na hapa ndo naanza kuwapa haki wapiga msuli.

Maana ratiba ya kadeti haina mwendo wa kati. Kipenga kinalia kabla ya alfajiri, mchakamchaka, pushapu, kipenga tena, usafi wa hanga, kukagua vitanda, kula kwa kukimbia, kwata, darasa. Usiku kuna lindo, kuna fatiki, kuna buti za kung'arisha, halafu ndo ufungue daftari. Niliyoyaona mwenyewe enzi za mafunzo ni darasa zima la watu wenye afya ya kutisha, mapigo ya moyo yametulia kama ya wakimbiaji wa marathoni, na nusu yao wanasinzia, wengine wamesimama ukutani nyuma kwa ruhusa ya mkufunzi ili wasianguke na usingizi (na kuna mmoja alikuwa na kipaji cha kusinzia akiwa amesimama, macho wazi, mpaka leo sijui alifika wapi). Ukiwaona hao huwezi kusema pumzi haisaidii umakini. Ila umakini wote ambao mwili umetengeneza alfajiri usingizi umeshaukata.

Kuna utafiti wa 2003 wa Van Dongen na wenzake, watu walilazwa saa 6 au 4 kwa usiku siku 14 mfululizo, huku wakipimwa kwa kubonyeza kitufe kila taa ikiwaka. Kidogo kidogo wakaharibika mpaka wakafanana na mtu aliyekesha kabisa, hadi usiku miwili bila kulala. Kibaya ni kwamba wenyewe walijiona wako sawa, walisikia usingizi kidogo tu basi. Kadeti anayekwambia "mimi nimeshazoea, saa tano zinanitosha" hadanganyi, anasema anachojisikia, tatizo anachojisikia ndo kilichoharibika.

Na hii wanajeshi wangetakiwa waijue kuliko watu wote, kwa sababu sayansi ya umakini imezaliwa kwao. Wakati wa vita kuu ya pili waendesha rada wa jeshi la anga la Uingereza walikuwa wanakosa kuona alama za nyambizi kwenye kioo, sio wazembe, walikuwa watu wazuri tu. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza saa yenye mshale unaoruka hatua moja moja, mara chache unaruka mbili, kazi yako ni kusema umeona. Ndani ya nusu saa tu watu wakaanza kupitwa. Alichapisha 1948 na matokeo yake ni kwamba zamu ndefu ya kukodolea macho ni hasara. Leo unamchukua kadeti, unamkimbiza, unamnyima usingizi, halafu unampa vipindi viwili vya hesabu mfululizo saa nane mchana, na akifeli unamwongezea pushapu.

Chuo cha jeshi la anga la Marekani kule Colorado kilitoa bahati nzuri kwa watafiti kwa sababu makadeti wa mwaka wa kwanza wanapangiwa vipindi bila kuchagua. Matokeo yakatoka 2011: waliopangiwa kipindi cha kwanza kabisa, kabla ya saa 2 asubuhi, walifanya vibaya, na sio kwenye hicho kipindi tu, mpaka vipindi vingine vya siku hiyohiyo vilishuka. Watu walewale, walimu walewale, PT ileile. Saa tu. Chuo hichohicho kilionyesha pia kwamba ulegevu wa mwili unaambukiza, ukipangwa na wenzio waliokuwa wabovu kwenye mazoezi tangu shule na wewe unashuka, kwa hiyo anayechekea uzembe wa mwenzie kwenye mbio ajue anajichimbia.

Tarakilishi darasani nisizungumze sana. West Point walijaribu kwenye somo la uchumi, madarasa mengine marufuku, mengine ruksa, na mengine tableti tu tena ilale mezani mkufunzi aione. Walioruhusiwa wakashuka kwenye mtihani wa mwisho, hata wale wa tableti iliyolala mezani. Makadeti hao, wenye nidhamu hiyo! Simu yako wewe unadhani inakuonea huruma?

So kadeti aliyeniandikia wiki iliyopita akauliza apunguze mazoezi ili GPA ipande, jibu langu ni hapana, na kwanza huwezi, afande hajakuuliza. Unachoweza kugusa ni kidogo. Yale mazoezi ya ziada ya usiku unayoongeza kwa ajili ya kifua yatoe, kwa darasani hayana lolote na yanakula saa ya kulala. Kukesha siku ya kuamkia mtihani acha, mtaala wa wiki sita hauingii usiku mmoja kwenye kichwa kilicholala kwa saa nne tu, soma vipande vya dakika 25 mchana hata ukiwa umekaa kwenye kivuli unasubiri kuitwa, maana nusu ya maisha ya jeshi ni kusubiri kuitwa. Ukipata dakika 20 za kufumba macho baada ya chakula zichukue bila aibu. Na kama umepewa nafasi ya kuchagua lindo chagua la mwanzo wa usiku au la mwisho, lile la katikati linakukata usingizi vipande viwili na hakuna kinachobaki. Wenzio wakikuuliza kwa nini, usiwaambie mpaka orodha ikishabandikwa.