Pikipiki ilivyogoma kupanda Machame, na nilivyoitibu

Pikipiki yangu ni cc 150, nimeifunga kabureta kubwa kuliko ile iliyokuja nayo. Moshi mjini, mita 800 na ushee juu ya bahari, inachomoka vizuri. Lakini nikipanda kuelekea geti la Machame la Mlima Kilimanjaro, karibu mita 1,800, inakohoa na kutoa moshi mweusi, na kwenye mwinuko mkali injini inanguruma huku mwendo hauongezeki.

Nilidhani ni ugonjwa mmoja. Kumbe miwili.

Nilisimama palepale kilimani, kando ya migomba, nikafungua plagi ya injini, ile inayotoa cheche. Imejaa masizi makavu, meusi kama sufuria ya kuni. Hapo nikaelewa: ukipanda mita 1,000 uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 10, ila kabureta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba uko mjini. Nikashusha jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, kutoka namba 115 hadi 110. Zaidi ya hapo sikuthubutu, maana nikirudi chini petroli ingekuwa kidogo mno, na injini ikichemka hivyo pistoni inaharibika.

Ugonjwa wa pili ulikuwa klachi, inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Waya wake ulikazwa hadi mkono wa klachi kwenye usukani haukuwa na nafasi ya kucheza, pleti zikawa zinateleza na kunuka kuungua. Nikaweka pleti mpya, nikaacha mkono huo ucheze milimita 10 hivi. Sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, nikatoa ya meno 15, nikafunga ya 14 ili ipande kwa nguvu zaidi.

Jumapili nilimpandisha mama na kapu lake la sokoni. Hatukusimama popote. Plagi sasa ni ya kahawia, dalili kwamba petroli na hewa vinalingana.