Planar Chaos: kadi za zamani zilipohamishwa rangi

Kati ya seti zote za Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za kukusanya, nilizowahi kushika, hakuna iliyonielewesha mchezo huu kuliko Planar Chaos, iliyotoka Februari 2007. Ni seti ya pili katika mfululizo wa Time Spiral. Ya kwanza ilitazama yaliyopita, ya tatu ikatazama yajayo, na hii ya katikati ikauliza mchezo huu ungekuwaje leo iwapo tangu mwaka 1993, Richard Garfield alipouleta, mambo yangefuata njia nyingine. Katika kadi zake 165, zipo 45 ambazo ni kadi za zamani zilizochapwa upya zikiwa na jina jipya, mchoro mpya na, kubwa kuliko yote, rangi nyingine.

Kwa asiyecheza, rangi ni tano, na kila moja ina uwezo wake na udhaifu wake: buluu huzuia kadi za mpinzani na kuchota kadi nyingi, nyekundu huunguza, kijani hukuza viumbe. Udhaifu huo ndio unaomlazimisha mchezaji kuchagua. Kwa hiyo ukiihamisha kadi kutoka rangi moja hadi nyingine umegusa nguzo ya mchezo wenyewe, na ni lazima uwe na hoja.

Damnation ina hoja hiyo. Wrath of God, kadi nyeupe iliyokuwapo tangu 1993, huangamiza viumbe wote mezani kwa mana nne (mana ni nguvu ya kulipia kadi), na mbili kati yake sharti ziwe nyeupe. Damnation hufanya jambo lile lile, kwa gharama ile ile, ila mbili hizo ni nyeusi. Nyeusi ndiyo rangi ya mauti, na mtu akiisoma kadi hii hujiuliza ilikuwaje ikachelewa miaka yote hiyo.

Ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni Mana Tithe, ambayo ni Force Spike ya buluu iliyohamia kwenye nyeupe: kwa mana moja tu unaizuia kadi ya mpinzani, asipoweza kulipa mana moja ya ziada. Hapa Kampala tunachezea barazani Ntinda, na nimeona mchezaji akilaza ardhi zake zote sita (ardhi ni kadi zitoazo mana, na huzilaza ubavu kuonyesha zimetumika) ili amwite joka, huku mwenzake mwenye deki, yaani fungu la kadi, nyeupe akiwa amebakiza ardhi moja tu, ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Joka halikufika mezani. Tangu siku hiyo, yeyote anayekutana na deki nyeupe barazani petu hubakiza ardhi moja bila kulazwa, hata kama mwenzake hana kadi hiyo kabisa.

Si zote zilizofaulu. Harmonize humpa mchezaji wa kijani kadi tatu kwa mana nne bila sharti lolote, kama Concentrate ilivyompa wa buluu. Wengi wanaipenda, nami naelewa sababu, lakini kijani kwa kawaida hupata kadi kupitia viumbe wake, na hapa hakuombwa kiumbe hata mmoja. Naona kadi hii imeondoa udhaifu ambao ulikuwa na kazi.

Prodigal Pyromancer iko upande wa pili kabisa. Prodigal Sorcerer, mchawi wa buluu aliyekuwa akilazwa ili arushe pigo moja, alipogeuzwa kuwa mwekundu, kila kitu kilikaa mahali pake, na mwaka huo huo wa 2007 yule mwekundu akaingia katika Tenth Edition kama kadi ya kawaida. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha haki cha kadi ya aina hii.

Ninazikusanya zote 45, moja moja, kwa kuwa pakiti zake ni adimu huku kwetu. Kwa sasa natafuta Porphyry Nodes na Pyrohemia, na mwenye nazo Kampala, Jinja au Entebbe tunaweza kubadilishana, kwani nina Essence Warden za ziada.