Lile paa la Kariakoo
Watu wangu wa Dar, mkipita Kariakoo hebu inueni macho. Jana nilisimama ng'ambo ya soko kuu, vijana wa mikokoteni wananipigia kelele niwapishe, mimi nalitazama paa tu. Ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa: kingo ziko juu, katikati pamebonyea. Mvua ikinyesha, maji yanateremkia katikati na kukusanywa kwenye matangi. Yaani paa linakukinga na mvua na papo hapo linakutekea maji!

Aliyelibuni ni Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, na soko likafunguliwa mwaka 1975. Mzee mmoja muuza viungo akaniambia, "Mwanangu, zamani humo ndani hata saa saba mchana ulikuwa unapata upepo." Naamini, maana pembeni kuliachwa wazi hewa ipite. Majengo mengi ya vioo yanayoota pale jirani hayawezi hilo bila kiyoyozi.

Moto uliounguza soko hili Julai 2021 uliniuma sana, jamani.

Mwenye picha za soko za miaka ya 70, au za kule Shimoni (sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi) enzi hizo, aniwekee hapa chini tafadhali.