Nilivyokadiria kelele za meli baharini nikiwa Dodoma

Kazi yangu ya kumalizia shahada hapa Chuo Kikuu cha Dodoma ilikuwa kukadiria kelele za meli chini ya maji kwenye Mlango wa Zanzibar. Wenzangu walinicheka sana. Dodoma hata samaki anaingia na barafu. Lakini hesabu ni za kompyuta, nazo zinafanyika popote penye umeme.

Unaanza na AIS, chombo kinachotangaza kwa redio jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake. Meli za ujazo wa tani 300 na kuendelea zinazokwenda nchi za nje zinalazimika kuwa nacho. Kisha unahitaji kanuni ya kugeuza taarifa hizo kuwa kelele. Nilitumia modeli ya JOMOPANS-ECHO ya mwaka 2021, iliyotokana na vipimo vya meli kwenye pwani ya Kanada. Inataka aina ya meli, urefu na mwendo, basi.

Hapo kwenye mwendo ndipo nilipokaa muda mrefu. Kelele nyingi hutoka kwenye rafadha, yaani propela ya meli: ikizunguka kwa kasi inazalisha viputo, na viputo vikipasuka vinanguruma. Kwa modeli hii, meli iliyopunguza mwendo kwa nusu inashusha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 18. Ni kweli itachukua muda mara mbili kupita, ila hata ukilihesabu hilo, jumla ya nishati inashuka desibeli 15. Urefu hauna nguvu hiyo; meli ndefu mara mbili inaongeza 6 tu. Kwa hiyo ukitaka bahari itulie, zungumza na nahodha kabla ya kumwendea mjenzi wa meli.

Kujumlisha nako kuna namna yake. Meli mbili za desibeli 170 kila moja zinatoa 173. Unazigeuza kwanza kuwa nishati, unajumlisha, kisha unarudi kwenye desibeli. Na tafadhali, usizilinganishe na desibeli za hewani. Kipimo cha kuanzia ni kingine kabisa.

Kina cha bahari nilikitoa GEBCO, ramani ya bure. Mwanzoni sauti husambaa pande zote na kupoteza desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Ikishabanwa kati ya uso wa maji na sakafu, inapoteza kama 3 tu, ndiyo maana meli ya mbali bado inasikika.

Rafiki yangu wa Unguja alishusha haidrofoni, kipaza sauti cha chini ya maji, ili tulinganishe. Njia ya meli kubwa ilikubaliana vizuri na ramani yangu ya kelele. Karibu na diko, asubuhi boti za wavuvi zinaporudi, bahari ilikuwa na kelele kuliko nilivyokadiria, kwa sababu mashine zile hazina AIS. Msimamizi alitaka niongeze namba ya kubahatisha. Nilikataa, ukanda ule nimeupaka kijivu, na pembeni nimeandika kwamba boti ndogo hazimo.